Mwalimu Aliyelegeza Uzi kwa Makusudi: Maisha ya Mdogo Wangu, 1961–2024

Ndugu, majirani, wanafunzi na wote mliofika, nimepewa dakika kumi za kusoma maisha ya mdogo wangu. Nitazizidisha. Mwenye haraka anayo ratiba mkononi, na maneno haya yote yamechapwa humo ndani, kwa hiyo anaweza kwenda akamalizia kusoma kwake. Watu wawili wameniomba pia niwe mpole. Hao sikuwaahidi kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mabati iliyopakana na kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu baba yetu, fundi mitambo wa kiwanda hicho, na marehemu mama yetu, aliyefua nguo za watu. Wa kwanza ni mimi. Nilikuwa na miaka sita, na kazi ya kumbeba ikawa yangu. Alipofikisha mwaka alianza kunivuta nywele kwa mapigo, moja mbili, moja mbili, bila kukosea. Mama alisema mtoto huyu ana mdundo. Mimi nilisema hana adabu. Hakuna aliyekosea kati yetu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978. Hesabu alizijua, ila darasani alikuwa anagonga dawati, na ripoti zake zote ziliandikwa neno moja, "anasumbua." Mwaka 1976 mimi nilikuwa nimeanza biashara yangu ya milango na madirisha yaliyotumika. Mlango wangu wa kwanza, wa mbao ngumu, niliubadilisha kwa gita la mpiga muziki mmoja aliyekuwa anahamia nyumba isiyo na mlango. Nilimpelekea mdogo wangu. Akaligeuza, akalitazama mbele na nyuma.

"Dada, nyuzi mbili ziko wapi?"

"Mlango nao ulikuwa hauna kitasa," nikamwambia. "Piga hizo nne."

Alipiga hizo nne mwaka mzima. Aliniambia baadaye, akiwa mtu mzima, kwamba mwaka ule ndio uliomfundisha kusikia sauti isiyokuwepo, na kwamba angepata gita zima angekuwa mpigaji wa kawaida tu. Sikujua kama nasifiwa au nalaumiwa. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1982, akafundisha shule ya msingi hesabu na muziki hadi mwisho wa mwaka 1997.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani; walifahamiana siku wifi alipomwambia mbele ya watu kwamba suruali yake ni fupi. Alimshonea nyingine. Ikawa ndefu. Marehemu aliirudisha mara nne kurekebishwa, na ya nne wifi akamwambia, "Mwalimu, kama una jambo lingine zaidi ya suruali, liseme, nina kazi." Akalisema. Mungu aliwajalia binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1991, ambaye leo ni dereva wa lori la mchanga. Hapigi gita. Anapiga honi, na baba yake alikuwa anaitambua honi hiyo kutoka barabara kuu, lori likiwa bado halijakata kona. Wapo humu watakaolishuhudia hilo. Nimelitaja kwa sababu maalumu.

Tarehe 2 Februari 1998 aliajiriwa na chuo cha muziki kilicho mtaa wa pili kutoka nyumbani kwake, afundishe gita, darasa namba sita, ghorofani, lile lenye dirisha lisilofungika. Alikaa humo miaka ishirini na mitatu. Dirisha bado halifungiki. Nilijitolea kuwaletea lingine bure, wakaniambia niandike barua.

Naomba nieleze vizuri alivyofundisha, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Mwanafunzi akiingia alikabidhiwa gita la mwalimu. Kabla hajaingia, marehemu alikuwa ameshalegeza uzi mmoja, kidogo sana, kwa makusudi. Kila mwanafunzi, kila kipindi, uzi tofauti. Hakusema neno. Mwanafunzi alitakiwa apige, asikie mwenyewe kwamba kuna kasoro, autafute uzi wenyewe, aukaze mpaka ukae sawa, ndipo somo lianze. Mgeni aliweza kuhangaika nusu saa. Marehemu muda wote huo alikuwa ameketi anatazama dirishani kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Hakukunja uso, hakuguna, hakusaidia. Nilimwona mara ya kwanza nikamwambia anawatesa watoto wa watu.

"Nikimwonyesha uzi, nimemwazima sikio langu," akanijibu. "Siku nikifa, atakuwa kiziwi."

Baada ya hapo kila mmoja alijifunza kupiga solo, ridhimu na besi, apende asipende. Mwenye kupenda kusikika alipewa besi mwaka mzima, na mwenye kujificha alisukumwa kwenye solo. Walijifunza kubadilisha uzi uliokatika huku wakiendelea kuzungumza na wasikilizaji. Walijifunza kusimama, kutaja wanachotaka kupiga kwa sauti inayofika ukuta wa nyuma, na kunyamaza mwenzao anapopiga. Hilo la kunyamaza alisema ndilo gumu kuliko yote, linachukua miaka miwili, na wapo wakuu wa idara ambao hawajafuzu.

Alikuwa na mtihani mmoja pia ambao haumo katika mtaala wowote: kumfuata mwimbaji mbovu. Mwanafunzi alipiga gita, mtu asiyejua kuimba akaimba, na mwanafunzi alitakiwa amfuate kila anakopotelea, amshike, amrudishe njiani, mpaka yule mtu amalize akijiona hodari. Kwa miaka minne marehemu alikuwa ananipigia simu kila Ijumaa: "Dada, kesho njoo utuimbie." Nilikwenda. Nilivaa vizuri. Nilifunga duka.

Kulikuwa na msichana wa miaka kumi na moja, tunamwita Chafya, kwa kuwa alipoanza masomo mtu akimtazama tu alipiga chafya, na akitakiwa ataje jina lake alipiga tatu mfululizo. Jumamosi moja alinipigia, nikaimba, nikamaliza nimeridhika. Akaweka gita chini, akanitazama usoni.

"Shangazi, leo umehama mara nne tu."

"Nimehama wapi?"

"Kwenye wimbo. Wiki iliyopita ulihama mara saba. Unaendelea vizuri."

Nilimgeukia mdogo wangu. Alikuwa anatazama dirishani.

"Kwa hiyo mimi ndiye mtihani," nikasema.

"Na hakuna aliyewahi kufeli kwa sababu yako, dada."

"Miaka minne hukuniambia?"

"Ningekuambia ungejirekebisha. Ungeniharibia darasa."

Sikumsemesha wiki nzima. Lakini nilichokiona nilikiona. Mtoto aliyekuwa hawezi kutaja jina lake alinipa hesabu ya makosa yangu, kwa adabu, bila chafya hata moja. Mimi nauza milango, najua kupima kitu kama kimenyooka. Mtoto yule alikuwa amenyooka.

Sasa nije kwenye tarehe 17 Mei 2021.

Siku hiyo mkaguzi alifika chuoni. Aliingia darasa namba sita saa tatu asubuhi, akaketi nyuma na makaratasi yake, akakaa vipindi vinne. Katika kila kipindi alimwona mwalimu anampa mwanafunzi gita lenye uzi uliolegea, kisha mwalimu huyo anageukia dirisha. Mara nne. Hakuuliza. Hakumuuliza mwalimu, hakuwauliza wanafunzi, hakumuuliza mfagizi, ambaye angemweleza, maana hata mfagizi alikuwa anajua. Alijaza fomu akaondoka. Nakala ninayo, na maneno yake ni haya: "Mwalimu hatambui uzi uliolegea hata pale ambapo kasoro ni dhahiri kwa msikilizaji wa kawaida. Inaonekana usikivu wake umepungua sana kutokana na umri. Inashauriwa apumzishwe."

Msikilizaji wa kawaida ndiye yeye. Somo lilikuwa la kumfanya mtu asikie uzi uliolegea, na bwana yule aliusikia mara zote nne. Ndiye mwanafunzi pekee aliyefaulu darasa lile bila kujua yuko darasani, na kwa kufaulu kwake mwalimu akafukuzwa.

Marehemu aliandika barua ya kurasa mbili, kwa mkono, kueleza. Mkuu wa chuo aliipokea, akaiweka kwenye faili. Alikuwa bosi wake kwa miaka tisa na darasa namba sita alikuwa amelitembelea mara mbili, mara zote akiwa na wageni. Alimwambia, "Mwalimu, huu ni utaratibu tu. Kapime masikio, lete karatasi, tuyamalize." Marehemu akamwambia awaulize wanafunzi. Akajibiwa kwamba wanafunzi hawakagui.

Hapa lazima niseme ukweli wote, kwa sababu nusu ya ukweli wataisema wengine. Marehemu alikataa kupimwa. Nilimwendea nyumbani kwake, tukabishana sebuleni, wifi yupo.

"Nusu saa tu," nikamwambia. "Unapimwa, unachukua karatasi, unawabandikia usoni."

"Nikienda kupimwa, nimekubali kwamba walikuwa na haki ya kuuliza."

"Haki utaila na nini?"

"Dada, mteja akikuambia mlango wako umeoza ndani, utaupasua ili aone haujaoza?"

"Nitautoboa tundu dogo, achungulie, kisha namwongezea bei ya tundu."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Hakwenda. Nasimama mbele ya jeneza lake nasema kwamba alikosea, na nilimwambia akiwa hai. Katika yote aliyotuhumiwa kutosikia, ninalolikubali mimi ni hilo moja.

Tarehe 30 Juni 2021 aliondolewa kazini. Hakuna aliyemshika mkono. Walimpa sanduku la kuwekea vitu vyake, nalo wakamwambia alirudishe.

Tarehe 12 Julai mwaka huohuo alianza kufundisha dukani kwangu, kule nyuma, katikati ya milango. Kumbe milango arobaini iliyosimamishwa ukutani inakata mwangwi vizuri kuliko darasa lolote. Wateja walikuja kutafuta dirisha wakakaa saa nzima juu ya ngazi wakisikiliza. Wanafunzi waliongezeka. Alilegeza uzi, akageukia dirisha. Dukani kwangu madirisha hayakuwa shida, alikuwa na ya kuchagua.

Novemba 2022 wanafunzi wake saba walifanya mtihani wa stashahada. Mtu anaweza kufundishwa popote, lakini mtihani hufanyika chuoni, na vyeti hutolewa na chuo. Watahini waliletwa kutoka nje ya chuo. Wote saba walifaulu, wawili kwa daraja la juu, na mmoja wa hao wawili ni Chafya. Tarehe 3 Februari 2023 majina yao yalibandikwa ubaoni. Tarehe 6 ikabandikwa karatasi nyingine juu yake: vyeti vya watahiniwa saba vimezuiwa, kwa sababu mwalimu aliyewaandaa uwezo wake wa kusikia una shaka kwa mujibu wa ripoti.

Watahini walisikia watoto wanapiga. Masikio ya watahini hayakuwa na shaka. Lakini kilichoaminiwa ni karatasi, kwa kuwa karatasi ina muhuri.

Chafya, sasa mtu mzima, alikuwa ameshapata nafasi ya kufundisha muziki shule ya msingi. Walimwambia alete cheti. Alikwenda chuoni mara kumi na moja. Nafasi wakampa mtu mwingine, na yeye mpaka juzi alikuwa anaosha vyombo hotelini, maji ya moto na sabuni kali, kwa mikono ileile. Na Machi 2023 chuo kikatundika bango langoni, refu kama trela: "Tunajenga wanamuziki vijana waliokamilika na wanaojiamini." Picha iliyomo ni ya nani? Ni ya Chafya, waliyompiga mwaka 2019 darasa namba sita. Picha yake waliitundika langoni, cheti chake wakakifungia kwenye droo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa walimnyonga, wakachukua na haki yake wakaifanya tangazo.

Marehemu alipita chini ya bango lile kila siku akija dukani. Hakulisemea. Mimi nilikuwa napita njia nyingine, maana ningelipasua.

Tarehe 11 Februari 2024, Jumapili, alipatwa na kiharusi akiwa anafunga kamba za viatu. Upande wa kushoto ulikufa, mkono na mguu. Kwa mpiga gita mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi, kwa hiyo alijua pale pale, kabla daktari hajasema. Alilazwa siku kumi na tisa. Hospitali walimpima kila kitu, kama inavyopasa kwa ugonjwa ule: macho, kumeza, kumbukumbu, na masikio. Mimi husoma kila karatasi inayopita mbele yangu, ndivyo nilivyofika nilipofika. Kwenye fomu yake, mstari wa kumi na moja, nikakuta pameandikwa: "Usikivu: wa kawaida, masikio yote mawili." Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena. Kipimo alichokikataa miaka mitatu kilikuwa kimefanyika bila yeye kuombwa ruhusa, na kilichukua dakika nane.

Wanafunzi nao walikuwa wanafanya kipimo chao. Walikuja wodini mmoja mmoja na gita ambalo wamelegeza uzi wao wenyewe. Mdomo wa marehemu ulikuwa umeelemea upande mmoja, hawezi kusema vizuri, kwa hiyo alijibu kwa vidole vya mkono wa kulia. Mwanafunzi akipiga mara moja tu, vinanyanyuka vidole vitatu: uzi wa tatu. Anayefuata: vidole viwili. Muuguzi wa zamu alidhani wameambizana, akalichukua gita, akaenda korido akazungusha kifungo mwenyewe, akarudi akapitisha dole gumba juu ya nyuzi. Marehemu alinyanyua vidole vinne, akafikiri, kisha akanyanyua kimoja. Muuguzi alikuwa amegusa uzi wa nne, na wa kwanza aliugusa kwa bahati mbaya bila kujua. Muuguzi huyo yupo hapa leo, amekuja kwa nauli yake.

Machi niliipeleka fomu ile kwenye baraza la mitihani pamoja na malalamiko. Nilitaka mawili: ripoti ifutwe, na vyeti saba vitolewe. Baraza lilipanga kusikiliza shauri tarehe 22 Agosti. Marehemu alijua tarehe hiyo. Alikuwa anaihesabia siku kwenye kalenda ya ukutani, yeye aliyekataa kupimwa. Ugonjwa ulikuwa umempunguzia kiburi, au maumivu ya wanafunzi ndiyo yaliyompunguzia. Sikuuliza.

Jumatatu tarehe 5 Agosti kiharusi kilirudi. Alifariki Jumanne tarehe 6 Agosti 2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, wifi akiwa amemshika mkono wa kulia. Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita.

Alhamisi, mkuu wa chuo alikuja dukani kwangu na shada la maua. Naeleza yaliyosemwa kwa sababu hakuniambia ni siri.

"Mama, tumepoteza jembe," akasema.

"Jembe mlilitupa wenyewe, Mkuu. Limeokotwa, limelima miaka mitatu, leo ndiyo mnalililia."

Aliweka shada chini, akaomba mambo mawili. La kwanza, dakika tano za kusema siku ya mazishi kwa niaba ya chuo. La pili, familia iyaondoe malalamiko barazani, "kwa heshima ya marehemu, tusiendelee kumvutavuta."

Mtu akianza kutaja heshima ya marehemu, mimi naangalia anachotaka kununua. Alikuwa anaogopa tarehe 22. Nikamwambia bei: barua ya kufuta ripoti, na vyeti saba.

"Vyeti tunaweza kuzungumza," akasema. "Ripoti haiwezekani. Nikiifuta ripoti nitaulizwa kwa nini niliitekeleza."

"Ndiyo maana naitaka."

"Mama, chagua kimoja. Vyeti nakutolea kesho. Ukitaka ripoti, twende barazani, na barazani mambo yanaweza kuchukua mwaka, miwili. Vijana wako watasubiri."

Alikuwa sahihi, na alijua kwamba najua. Mwenye shauri amelala kwenye jokofu, mwalimu hawezi tena kunyanyua vidole mbele ya mtu yeyote, na vijana saba maisha yao yamesimama tangu Februari mwaka jana. Nilimpigia wifi simu palepale. Wifi akasema neno moja: "Jina." Alitaka jina la mumewe lisafishwe. Nilimsikia vizuri. Nikakata simu, nikachukua vyeti.

Wifi yangu hajanisemesha tangu Alhamisi, na ana haki. Miaka mitatu ameishi na mume aliyekuwa akiitwa kiziwi sokoni, mimi nikaiuza nafasi ya kulifuta neno hilo kwa karatasi saba. Ningeulizwa marehemu angechagua nini, jibu ninalo, angechagua vyeti kabla Mkuu hajamaliza kusema. Na hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote. Mtu wa namna ile kila anayekutana naye humpunja, mpaka dada yake.

Mkuu aliandika mapatano mwenyewe, kwa mashine yake, akayaleta yamechapwa. Niliyasoma mara tatu. Yanasema familia "haitawasilisha wala kuendeleza malalamiko yoyote mbele ya baraza la mitihani." Nilimuuliza kama kuna la kuongeza. Akasema yametosha. Nikamuuliza tena. Akasema, "Mama, yametosha, nina kikao." Nikatia saini, nikamwahidi na zile dakika zake tano. Ijumaa saa kumi jioni vyeti vyote saba vilikuwa mikononi mwa wenyewe, vina muhuri, na kila mmoja amekagua jina lake. Chafya alikisoma chake akiwa amesimama, kwa sauti iliyofika ukuta wa nyuma. Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kwa mchapaji na wasifu huu.

Nyinyi mlioketi hapa si baraza la mitihani. Ni majirani, wazazi, wafanyabiashara, wauguzi, madereva, na ratiba zimechapwa mia tano. Mbele yenu sijawasilisha malalamiko. Nimesoma wasifu wa marehemu, na wasifu unapaswa kuwa wa kweli: mdogo wangu alikuwa anasikia. Alisikia tangu alipozaliwa hadi asubuhi ya Jumanne. Aliyeandika vinginevyo alikosea, na aliyeelezwa kosa hilo akaiweka barua kwenye faili alijua anachofanya. Wifi, hili si barua yenye muhuri. Ndilo nililoweza kulipitisha.

Kuhusu ahadi yangu ya dakika tano, ninaitimiza. Mkuu wa chuo yumo kwenye ratiba, namba tisa, mara baada yangu. Kiti chake kile pale mstari wa mbele. Naomba asikilizwe kwa utulivu, kama marehemu alivyowafundisha kunyamaza mwenzenu anapopiga.

Marehemu ameacha mjane, ambaye neno lake nalisubiri bila kumharakisha. Binti mmoja, aliyeliegesha lori lake nje ya uzio. Dada mmoja, mimi. Wanafunzi saba wenye vyeti, na wengine thelathini na wanne ambao bado hawajafanya mtihani. Hao thelathini na wanne masomo yao yanaendelea Jumatatu saa tisa alasiri, palepale katikati ya milango, na wanaofundisha ni hao saba.

Mungu ampokee mja wake na ampumzishe. Amani yote naomba apewe yeye, mimi ya kwangu bado naidai.